Netherfield, Milton Keynes: mtaa wa kuingia kwa miguu

Ukiwa ndani ya gari unaweza kuizunguka Netherfield mara tatu usiione. Barabara kuu za Milton Keynes, mji uliotangazwa mwaka 1967, zinakatana miraba miraba kila baada ya kilometa 1 hivi, na kando zake imepandwa miti mpaka nyumba zimemezwa. Unaona majani, kipilefti, majani tena, kipilefti kingine. Usihangaike na majina ya barabara, shika herufi: Netherfield iko kati ya H8 na H9, V7 na V8. Anayeendesha hatapata shida, maana kushoto ni kushoto kama nyumbani, ila kwenye kipilefti mpishe anayetokea kulia. Nyingi ya barabara hizi zinaruhusu maili 60 kwa saa au zaidi, kwa hiyo usijaribu kutembea pembeni yake.

Kutoka Euston, London, treni za haraka hufika Milton Keynes Central kwa muda wa dakika 35 hivi. Panda basi linalopita hospitali kuu, iliyo ng'ambo tu ya H8. Konda hakuna; mpungie dereva mkono, la sivyo anakupita, kisha lipa kwa kadi. Mwenyeji wako akupe namba ya nyumba na msimbo wa posta unaoanza na MK6. Jina la mtaa peke yake halikufikishi mlangoni, maana safu za hapa ni ndefu na zinafanana.

Na safu hizo ndizo za kutazama. Wasanifu vijana wanne, Jeremy Dixon, Edward Jones, Chris Cross na Mike Gold, walizichora mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakaamua paa libaki usawa mmoja kutoka mwanzo wa safu hadi mwisho, ardhi ipande au ishuke. Kwa hiyo juu ya mteremko nyumba ina ghorofa chache, na chini bondeni jirani yake, chini ya paa lile lile, amejaliwa ghorofa zaidi. Simama bondeni uangalie juu. Kuta zilivikwa alumini, mapaa yakawa bapa katika nchi ya mvua. Matokeo unaweza kuyakisia. Tangu wapangaji waruhusiwe kununua, kila mwenye nyumba amebadilisha atakavyo: mmoja kaweka mlango mpya, mwingine kavika ukuta upya. Wapenda usanifu hulalamika. Mimi naona mtaa umechangamka zaidi hivyo.

Njia ya kuingilia ni Redway, vijia vya lami nyekundu kwa watembea kwa miguu na baiskeli, zaidi ya kilometa 200 mji mzima, vinavyopita chini au juu ya barabara kuu. Ukisikia kengele nyuma yako, sogea. Duka la vitu vidogo vidogo lipo katikati ya mtaa. Picha za safu piga, lakini si za madirisha ya watu. Majira ya baridi miti hupukutika na ile mistari ya paa huonekana vizuri, ila kiza huingia saa kumi na moja jioni, au kabla.

Ukibakiwa na muda, elekea Peartree Bridge kwenye mfereji wa Grand Union, ambako watoto watamkuta dinosaria wa zege. Jumapili mabasi ni machache; angalia ratiba kabla hujaondoka kwa mwenyeji.