Mtoto Asiyeomba Kitu

Leo tuzungumze juu ya jambo ambalo wachumba wengi hulipita mbio wanapojiandaa kwa ndoa, nalo ni mtoto ambaye mmoja wao tayari anaye.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilikuwa nikifundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza katika kigango chetu. Somo lilikuwa sala ya Baba Yetu. Nilimwuliza kila mmoja angependa kumwomba Mungu Baba nini. Mmoja alitaka mpira, mwingine baiskeli, na msichana mmoja akaomba nyanya yake apone mguu. Kisha mvulana wa miaka 9 akasimama akasema, "Mimi siombi kitu, mwalimu." Nilimsifu sana. Niliwaambia wenzake wamtazame mtoto asiye na tamaa.

Baadaye jumuiya yetu ilikwenda kusali nyumbani kwao, ndipo nilipoelewa. Mvulana huyo alizaliwa kabla mama yake hajaolewa na mume aliye naye sasa. Hateswi, halali njaa, na baba huyo humlipia ada bila kuchelewa. Lakini wadogo zake wawili walipomrukia baba magotini wakidai mandazi, yeye alikaa karibu na mlango wa jikoni akingoja kutumwa. Sare yake ilikuwa imepasuka begani na hakuwa amemwambia mtu. Mgeni mmoja alipouliza watoto ni wangapi, baba alijibu, "Ni wawili, na huyu wa mama."

Tunasoma kwamba Bwana wetu alikasirika alipowaona wanafunzi wakiwazuia watoto wasimfikie (Mk 10:13-16). Mara nyingi sisi makatekista hueleza kwamba aliwapenda kwa sababu watoto ni wapole na watiifu. Mwenye watoto nyumbani anajua mambo yalivyo! Mtoto hulia, hunyang'anya na hudai. Lakini anacho kitu ambacho sisi wakubwa tumekipoteza: hupokea bila kupiga hesabu. Haulizi kama amestahili chakula cha jioni. Huja mezani kwa sababu hapo ni kwao. Hiyo ndiyo imani ambayo Yesu anataka tuwe nayo mbele ya Baba, na mtoto huipata nyumbani kabla hajamwona katekista. Mvulana yule aliyajua maneno yote ya Baba Yetu. Shida ni kwamba kwake yeye, baba alikuwa mtu wa kutosumbuliwa.

Huenda mume akasema, "Mimi simchukii, lakini si damu yangu." Ndugu yangu, hilo ni kweli, wala sikulaumu kwa kulihisi. Kumzoea mtoto ambaye hukumzaa huchukua muda. Lakini kumpa nafasi sawa mezani hakuhitaji kungoja moyo uwe tayari. Mtakatifu Paulo anatufundisha kwamba sisi sote tumefanywa kuwa wana, na kwa hiyo tunaweza kumwita Mungu Baba (Rum 8:15). Katika nyumba ya Mungu hakuna hata mmoja wetu aliyeingia kwa damu yake. Mtazame pia Mtakatifu Yosefu. Yeye ndiye aliyempa mtoto jina la Yesu (Mt 1:25), na watu wa Nazareti walimjua Yesu kama mwana wa seremala. Yosefu hakuwaambia majirani kwamba huyu ni wa Maria.

Hata Kanisa limepiga hatua hapa. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilidai kwamba anayeingia seminari awe mtoto halali; ile ya mwaka 1983 haina sharti hilo. Nayo Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1981, humhesabu kuwa mtoto wa marehemu hata yule ambaye alimkubali kama wake, au aliyejitwika jukumu la kumlea daima. Jambo hili huwashangaza wengi siku ya kugawana shamba. Ni aibu kidogo kwamba mahakama inaweza kumtambua mtoto ambaye jumuiya humwita "yule wa nje".

Kwa wachumba, nasema hivi: zungumzeni kabla padre hajatangaza ndoa yenu. Mtoto atamwita huyu mume nani? Ada italipwa kutoka mfuko gani? Je, ataishi nanyi? Wengi humwacha kwa nyanya "kwa muda", na muda huo huwa miaka 10. Akina mama, najua uchungu wenu, lakini acheni kumfichia mtoto huyu sukari na shilingi kumi kumi jikoni. Mnampa kwa siri kile alichopaswa kupewa hadharani, naye anaelewa upesi kwamba haki yake ni kama wizi. Zungumza na mumeo usiku, wawili peke yenu, bila mama mkwe.

Msidhani pia kwamba wale wadogo wanafaidika. Wanaona. Mtoto anayemwona kaka yake akiwekwa mlangoni hujua kwamba katika nyumba hii mtu anaweza kuwekwa mlangoni, naye huanza kujichunga.

Nilirudi kwa yule baba siku nyingine, peke yangu. Sikumgombeza, maana mimi mwenyewe nilikuwa nimeusifu woga wa mtoto nikiuita fadhila. Nilimweleza tu juu ya darasa lile na jibu la mvulana. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Alisema hivyo mbele ya watu?" Nikamwambia ndiyo. Siku ya Komunyo ya Kwanza alisimama nyuma ya mvulana, mkono begani, juu ya sare mpya.

Mwaka uliofuata alinikuta sokoni akilalamika. "Mwalimu, kijana wako huyo siku hizi hanipi nafasi. Viatu, kalamu, sasa anataka mpira!" Nilicheka hadi akaudhika, kisha nikamwonyesha duka lenye mipira ya bei nafuu.