Ufunguo Unaochongwa na Ini

Wengi wetu hudhani kwamba tembe ikishamezwa hufanya kazi vile vile ilivyotoka kwenye chupa. Sivyo! Chukua tamoksifeni, dawa ya saratani ya matiti iliyobuniwa Uingereza mwaka 1962, tena ikitafutwa dawa ya kuzuia mimba.

Saratani nyingi za matiti hukuzwa na homoni ya estrojeni. Ndani ya seli, homoni hiyo huingia kwenye kipokezi chake kama ufunguo kwenye kufuli. Kipokezi nacho huamsha jeni fulani, na seli zikaanza kugawanyika ovyo. Tamoksifeni huingia kwenye kufuli lile lile, ila haifungui. Jeni hizo hubaki zimelala.

Hata hivyo, ufunguo huu huchongwa upya kwenye ini. Huko, kimeng'enya kiitwacho CYP2D6 husaidia kuigeuza tamoksifeni iwe endoksifeni, ambayo hushika kipokezi kwa nguvu mara nyingi zaidi. Sasa basi, dawa kama paroksetini, ya kutibu sonona, hukizuia kimeng'enya hicho. Mgonjwa anameza tembe zake kila siku, kumbe endoksifeni inapungua damuni! Kwa hivyo daktari akimwuliza mama, "Unatumia dawa gani nyingine?" hafanyi udaku.

Ajabu ni kwamba kwenye mji wa mimba dawa hiyo hiyo huweza kuamsha jeni badala ya kuzilaza. Ndiyo maana anayeitumia, akitokwa na damu baada ya kukoma hedhi, hutakiwa amwone daktari bila kuchelewa.