Mafuta ya transfoma yakizeeka

Swali: Mhandisi, nasomea umeme, na kwetu ni Diff, Wajir. Mafuta ya transfoma yakizeeka, kupoa kwake kunaathirikaje?

Jibu: Ndugu, mafuta hayo huzuia umeme usipenye, na pia hubeba joto kutoka kwenye koili hadi kwenye radieta. Joto, oksijeni na unyevu huyachakaza, shaba ikiharakisha. Hutokea asidi, kisha tope. Tope ndilo la kuogopa: hugandia koili, huziba mianya ya mafuta kupita, na hutanda ndani ya radieta. Mafuta yenyewe huwa mazito, mzunguko ukafifia. Sehemu moja ya koili yaweza kuungua huku kipimajoto cha mafuta ya juu kikionyesha hali ya kawaida.

Karatasi inayofunika koili ndiyo huumia. Ile ya kawaida, kuanzia nyuzi 98, huzeeka maradufu kwa kila nyuzi 6 zinazoongezeka, na haibadilishwi kirahisi kama mafuta.

Kwetu hatari ni kubwa zaidi. Viwango vya IEC huchukulia wastani wa joto la hewa wa nyuzi 20 kwa mwaka. Garissa, jirani yenu, wastani huo hupita 27. Kwa hiyo mzigo upunguzwe, na sampuli za mafuta zipimwe asidi na unyevu mara kwa mara. Usitegemee rangi pekee. Tope likishatanda, kumwaga mafuta mapya juu yake hakutoshi. Koili zisafishwe kwa mafuta ya moto yanayochujwa yakizunguka.