Tairi kuukuu uani huzalisha mbu

Je, kuna tairi kuukuu nyuma ya nyumba yako? Mvua inaponyesha, maji hubaki ndani yake hata ukilipindua, na kivuli huyafanya yasikauke upesi.

Humo hutaga mbu aina ya Aedes aegypti, mweusi mwenye mabaka meupe miguuni. Huyu si yule aenezaye malaria. Yeye huuma mchana, kwa hivyo chandarua cha usiku pekee hakitakukinga. Ndiye hueneza homa ya dengi na chikungunya, magonjwa yaletayo homa kali na maumivu ya viungo. Chikungunya ilizuka Lamu mwaka wa 2004, na dengi ikawasumbua wakazi wa Mombasa mwaka wa 2013.

Wengi hudhani dawa ni kulichoma. La hasha! Moshi wake mweusi una gesi zinazodhuru mapafu, pamoja na benzini, kemikali inayoweza kusababisha saratani. Mafuta yanayochuruzika kutoka kwenye moto huo huchafua udongo na maji ya visima.

Basi ufanye nini?

Kwanza, ununuapo tairi jipya, muulize muuzaji kama hupokea la zamani. Sheria ya taka ya mwaka wa 2022 hapa Kenya inawapa wanaoingiza bidhaa sokoni wajibu wa kushughulikia taka zake.

Pili, tairi la lori ambalo bado ni imara laweza kuvalishwa mpira upya. Lililochakaa kabisa mpe fundi wa viatu vya akala.

Tatu, unalolihifadhi liweke chini ya paa. Ukilifanya bembea ya watoto au chombo cha kupandia maua, litoboe matundu sehemu ya chini ili maji yatoke.

Nne, yakague matairi yote kila wiki, kwani yai huweza kuwa mbu kamili kwa siku 7 hadi 10. Kumwaga maji pekee hakutoshi. Sugua ndani kwa brashi, maana mayai hugandamana na mpira, hukaa miezi kadhaa bila maji, kisha huanguliwa mvua irudipo.

Ukipatwa na homa kali, nenda hospitalini upimwe. Usimeze aspirini kabla ya kupimwa. Ikiwa ni dengi, yaweza kuzidisha kutokwa na damu.