Madhara ya Kokeni Katika Pua, Koo na Masikio

Kokeni, ambayo asili yake ni majani ya mti wa koka wa Amerika ya Kusini, ilipata kuwa dawa yenye heshima, kwani mwaka 1884 tabibu Carl Koller wa Vienna alidhihirisha kwamba matone yake hulitia jicho ganzi hata likapasuliwa pasi na maumivu, na matabibu wa pua na koo nao hawakukawia kuitumia. Ganzi hiyo hiyo ndiyo inayomghuri mwenye kuivuta puani, maana kile kinachoila nyama ya pua yake ndicho kinachomzuia asihisi kuwa inaliwa.

Ukuta unaotenga mianzi miwili ya pua ni gegedu, na gegedu haina mishipa yake ya damu, bali huruzukiwa na utando mwembamba unaoifunika pande zote mbili; basi kokeni ikiibana mishipa ya utando huo siku baada ya siku, utando hukauka, ukafanya vidonda na magaga, nayo gegedu hufa, hatimaye ikatoboka. Tundu likiwa dogo, pua hupiga mluzi mtu apumuapo. Likiwa kubwa, kurunzi ikimulikwa mwanzi mmoja nuru yake huonekana katika wa pili, na mgongo wa pua hudidimia. Wako ambao hata kaakaa lao hutoboka, wakawa wasema kwa king'ong'o na maji wanywayo yawarudia puani.

Wenye kuivuta kwa moshi huunguza koo na zoloto. Masikio nayo hayasalimiki, kwani wauzaji wengine huichanganya na levamisoli, dawa ya minyoo ya mifugo, ambayo kwa baadhi ya watu huzigeuza ndewe zikawa nyeusi na kupunguza chembe nyeupe za damu. Kwa hiyo mtumiaji apatapo homa na vidonda vya koo, na apelekwe hospitali siku ile ile.

Muhina wa mara kwa mara, makamasi yasiyokoma pasi na mafua, na kupotewa na harufu ya chakula ni dalili za kuuliziwa kwa upole. Muhina ukitoka, mgonjwa aketi, ainame mbele, abane sehemu laini ya pua kwa dakika 10 hadi 15. Matone ya kuzibua pua yaepukwe, kwani nayo hubana mishipa. Maji safi yaliyochemshwa, yakapozwa na kutiwa chumvi kidogo, yafaa zaidi kuisafishia. Tabibu aambiwe kweli, la sivyo huenda akapoteza miezi akitafuta kifua kikuu au saratani, kwa kuwa vidonda hivyo hufanana. Na upasuaji wa kuziba tundu aghalabu haufanywi mpaka ithibitike kwamba kokeni imeachwa, kwani kiraka kishonewacho penye damu haba hufa nacho.