Paa Lililohifadhiwa na Mali ya Kulichunguza

Baadhi ya wanaouchunguza Uislamu huuliza swali hili: Je, yafaa mwanadamu kutumia mali nyingi kuchunguza mambo ya anga, hali duniani wamo wenye njaa? Na wengine walioingia Uislamu karibuni hudhani kwamba elimu ya namna hiyo ni ya watu wa dunia tu, haimhusu mcha Mungu. Maswali haya yana shina moja, nasi tutayajibu pamoja.

Katika Sura Al-Anbiyaa, aya ya 33, Mwenyezi Mungu anatufahamisha kwamba mbingu ameifanya kama paa lililohifadhiwa, kisha anawalaumu watu kwa kuzipa mgongo ishara zake. Hatusemi kwamba aya hii ni somo la fizikia. Wala hatupendi desturi ya wale wanaongoja mataifa mengine yavumbue jambo, ndipo wakimbilie kusema kwamba lilikuwamo katika Kitabu chetu tangu zamani. Kama lilikuwamo, kwa nini hatukulitafuta sisi? Lawama ya aya hii ni juu ya kuzipa mgongo ishara. Basi mwenye kuzielekea kwa akili yake na kwa mali yake amejiepusha na lawama hiyo.

Sasa litazame paa lenyewe. Jua hutoa daima upepo wa chembe zenye umeme, uendao kiasi cha kilomita 400 kwa sekunde moja. Upepo huo haupigi moja kwa moja hewa tunayoivuta. Sumaku ya dunia, ambayo asili yake ni chuma kilichoyeyuka ndani kabisa ya ardhi, huukinga upepo huo na kuupitisha pembeni, umbali wa kilomita 60,000 hivi kutoka kwetu. Eneo linalotawaliwa na sumaku hiyo wataalamu huliita magnetosifia. Jua likichafuka, ngao hii hutikisika, na mtikisiko huo ndio huitwa hali ya hewa ya anga za juu.

Mnamo Septemba 1859 mtikisiko wa namna hiyo uliharibu kazi ya simu za waya huko Ulaya na Marekani. Tarehe 13 Machi 1989 umeme wa jimbo zima la Quebec, nchini Kanada, ulizimika kwa muda usiofika dakika mbili, na watu wapatao milioni 6 wakakaa gizani saa kama tisa. Mwezi wa Februari 2022 kampuni ya SpaceX ilirusha setilaiti 49, na karibu 40 kati yake zikapotea, kwa sababu dhoruba iliifanya hewa ya juu kuwa nzito kuliko kawaida. Hospitali, ndege na meli hutegemea vyombo hivyohivyo. Mgonjwa aliye juu ya meza ya upasuaji hana faida na umaskini wa elimu yetu.

Lakini mwenye kuuliza juu ya njaa bado anangoja jibu, nasi tutampa habari ya Kristian Birkeland wa Norway. Mtaalamu huyu alitaka kujua asili ya mianga inayocheza angani usiku katika nchi za kaskazini. Alitengeneza tufe dogo la sumaku ndani ya sanduku lisilo na hewa, akalipelekea chembe za umeme, na mianga ikaonekana karibu na ncha zake. Alipanda milima ya barafu pamoja na vyombo vyake. Kazi hiyo ilihitaji fedha nyingi kuliko alizoweza kupewa, basi akabuni mzinga wa kurusha risasi kwa nguvu ya umeme ili auuze. Mwaka 1903 alipouonyesha mbele ya watu, umeme uliruka kwa kishindo na jaribio likaharibika. Siku chache baadaye alikutana na mhandisi Sam Eyde, aliyekuwa akitafuta umeme mkali kama radi ili atoe naitrojeni hewani na kutengeneza mbolea. Kutokana na makutano hayo ilizaliwa tanuri ya Birkeland na Eyde, na mwaka 1905 kampuni ya Norsk Hydro. Ndiyo kusema, mtu aliyetafuta fedha za kuchunguza mianga ya angani aliwapatia wakulima mbolea. Yeye mwenyewe alifariki Tokyo mwaka 1917, na wakubwa wengi wa elimu hiyo walikuwa wameyakataa maelezo yake juu ya mikondo ya umeme iteremkayo kutoka angani. Setilaiti ziliyathibitisha baada ya nusu karne.

Si kila mwanafunzi atakayekutana na Sam Eyde. Kwa hiyo tumtaje ndugu yetu Profesa Abdus Salam, Mwislamu wa Jumuiya ya Ahmadiyya. Baada ya kusoma Cambridge alirudi Lahore mwaka 1951 kufundisha, akajikuta peke yake, bila wenzake wa utafiti, hata mwaka 1954 akalazimika kurudi Uingereza. Hakutaka wengine wapatwe na upweke huo. Mwaka 1964 Kituo cha Kimataifa cha Fizikia kilifunguliwa Trieste, Italia, chini ya uongozi wake. Alipopewa zawadi ya Nobel mwaka 1979, katika karamu ya Stockholm aliwakumbusha wasikilizaji zile aya za Sura Al-Mulk zinazomwita mtu atazame uumbaji tena na tena. Na fungu lake la fedha aliwatolea wanafizikia wa nchi maskini.

Mlango huo ungali wazi. Kituo hicho hugharimia diploma ya mwaka mmoja, na huwaita wataalamu wakae wiki kadhaa kisha warudi makwao. Kimefanya pia mafunzo kwa Waafrika juu ya hali ya hewa ya anga za juu. Tangu 2018 kina mwenzake Kigali, katika Chuo Kikuu cha Rwanda. Shirika liitwalo SCOSTEP huwalipia nauli wanafunzi wa udaktari waende kujifunza kwa wenyeji wao kwa miezi michache. NASA hutangaza kila mwaka nafasi za utafiti, lakini ujue kwamba kwa kawaida fedha zake haziendi kwa taasisi za nje ya Marekani. Hata hivyo takwimu za setilaiti zake hutolewa bure kwa kila mtu.

Usidhani kwamba huna cha kuwapa wenye fedha. Ikweta ya sumaku hupita juu ya Ethiopia, na baada ya jua kutua tabaka la umeme lililo juu yetu huchemka na kuvuruga mawasiliano ya setilaiti, jambo ambalo mtaalamu wa Ulaya hawezi kulipima akiwa kwao. Ndiyo maana vipokezi vimewekwa Malindi na Mbarara, na Chuo Kikuu cha Kyushu cha Japani kimeweka chombo cha kupimia sumaku Dar es Salaam. Basi uandikapo ombi, eleza swali moja tu, sema ni kipimo gani kitalijibu, na taja gharama kama zilivyo bila kuongeza hata shilingi. Fedha utakazopewa ni amana, na hesabu yake itadaiwa mara mbili.