Nimebakisha safari moja nipate kadi ya dhahabu, mume wangu hataki

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu na nina duka la spea za mashine za mbao hapa Elburgon. Biashara ililala kabisa miaka ile ya marufuku ya ukataji miti, lakini tangu mashine zianze kunguruma tena nimeinuka. Mimi huenda Guangzhou mara tatu au nne kwa mwaka kununua misumeno ya mkanda, beringi na belti.

Ndege ninayopanda imenipa kadi ya fedha. Juzi wameniandikia kwamba nimebakisha maili chache nipandishwe daraja niwe wa dhahabu, ila mwisho ni Desemba 31. Nimepiga hesabu nikaona kwamba nikienda Dubai, nilale usiku mmoja na kurudi, maili zitatimia. Tiketi na hoteli ni kama Sh70,000. Kusema kweli, sina cha kununua huko kwa sasa.

Mzee wangu amekasirika. Anasema hiyo ni karo ya Januari na kwamba nimeanza kujiona. Lakini Shangazi, nina rafiki yangu wa Nyamakima mwenye kadi ya dhahabu. Tukisafiri pamoja, yeye hupita kando ya foleni, huingia lounji, na wahudumu humwita kwa jina. Mimi hubaki nje nimekalia begi langu. Je, kadi hii ina faida au ni mbwembwe tu?

Mama Spea, Elburgon

Marahaba, mwanangu.

Usiende. Natanguliza jibu kwa sababu najua kidole chako kiko karibu na kitufe cha kulipia, na tarehe waliyokupa imewekwa makusudi ikuharakishe. Sasa kaa nikueleze, maana swali lako si la kipuuzi, na mzee wako naye hajasema yote yanayopaswa kusemwa.

Mipango hii ya kuwatuza abiria wa kila mara ilishika kasi kule Marekani. Mwaka 1978 serikali ya huko iliacha kupanga nauli na njia za ndege, mashirika yakaanza kugombania wateja. Mei 1981 American Airlines ikaanzisha mpango wake wa AAdvantage, na United ikafuata siku chache baadaye. Mtu waliyemlenga hasa ni yule anayesafiri kikazi wiki baada ya wiki. Tiketi yake hulipwa na kampuni, lakini ndege ya kupanda huichagua mwenyewe. Basi wakampa yeye zawadi, gharama ikabaki kwa mwajiri. Kwa mtu kama huyo kadi ya dhahabu ni faida tupu, kwa kuwa hakutoa senti mfukoni mwake. Lakini wewe ndiwe mwajiri na ndiwe mfanyakazi. Unachopewa kwa mkono wa kulia umekilipia kwa mkono wa kushoto.

Tupige hesabu kwa takwimu zako mwenyewe. Sh70,000 ndiyo bei ya kadi. Faida zake utazipata katika safari za mwaka ujao, si hizi ulizokwisha kusafiri. Tuseme utaenda China mara nne. Gawanya: kila safari imekugharimu Sh17,500 zaidi. Ukihesabu kwenda na kurudi, ni Sh8,750 kwa kila mkondo. Sasa fikiria umefika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta na mtu amesimama mlangoni anakwambia, “Mama, toa 8,750 uingie unywe chai, ule sambusa, uchaji simu na ukae kwenye kiti laini kwa saa mbili.” Ungelipa? Nakujua, mfanyabiashara wewe. Ungenunua chupa ya maji ukaendelea kukalia begi lako. Na hapa unataka kulipia milango minane kwa mpigo, kabla hata hujajua kama mwaka ujao utasafiri mara nne au mara mbili.

Kama ni lounji tu inayokuuma, zipo nyingi zinazokubali mtu alipe mlangoni siku anayoihitaji, na kadi kadhaa za benki za daraja la juu huja na ruhusa ya kuingia kupitia mipango kama Priority Pass. Uliza benki yako kabla ya kuuliza shirika la ndege.

Halafu hiyo foleni. Unatoka Elburgon alfajiri baridi ikikung’ata, unapitia Njoro hadi Nakuru, unabadilisha matatu, Gilgil, Naivasha, unakwama nyuma ya malori Kinungi, unashuka jijini kisha unaanza kutafuta gari la kukufikisha uwanjani. Hapo kote kadi ya dhahabu haina kazi. Inaanza kufanya kazi ukifika kwenye dawati la tiketi, na labda inakuokolea nusu saa. Kama kinachokuchosha ni safari, sehemu ndogo tu ya hizo Sh70,000 ingekulaza Nairobi usiku wa kuamkia safari, ukapanda ndege ukiwa umepumzika.

Sasa tuje kwenye jambo lenye uzito kwako, nalo ni mzigo. Beringi na misumeno hujaza begi kwa kilo kabla ya kulijaza kwa nafasi. Begi la kilo 23 linafunga nusu tupu na mizani imeshalia. Kwa mtu kama wewe, ruhusa ya mzigo wa ziada ndiyo faida ya kadi inayogeuka kuwa shilingi. Hukuniambia unapanda ndege gani, na hapo ndipo siri yote ilipo, kwa sababu fedha ya shirika moja si fedha ya shirika jingine.

Chukua Emirates. Mwenye kadi ya fedha huongezewa kilo 12 kwenye njia zinazohesabu mzigo kwa kilo, na wa dhahabu kilo 16. Tofauti ni kilo nne, yaani beringi chache. Tena safari nyingi zinazoanzia Afrika huhesabiwa kwa idadi ya mabegi, kwa hivyo soma sheria ya njia yako kabla ya kujihesabia kilo hizo. Na ili ufike dhahabu huko unahitaji maili 50,000 za daraja. Kutoka Nairobi hadi Dubai ni kama maili 2,200, kwa hivyo hata kama kila maili ingehesabiwa kamili, ungehitaji kwenda na kurudi mara 12 kwa mwaka. Nauli za bei nafuu, zile wewe na mimi tunazonunua, hupewa maili pungufu.

Kwa Ethiopian mambo ni mengine. Shirika hilo limo katika muungano wa Star Alliance tangu 2011, na katika muungano huo kadi ya fedha karibu haina kitu: unapewa kipaumbele kwenye orodha ya wanaosubiri nafasi, basi. Dhahabu ndiyo inayokufungulia lounji za muungano mzima na kukuongezea kilo 20, au begi moja pale wanapohesabu mabegi. Kenya Airways (KQ) nayo imo katika muungano wa SkyTeam tangu 2010. Huko hata daraja la chini la muungano hupata mzigo wa ziada na kuingia ndegeni mapema, lakini lounji ya safari za nje ni ya daraja la juu. Kwa hiyo ukiwa na fedha ya SkyTeam, kitu unachokihitaji tayari unacho. Ukiwa na fedha ya Star Alliance, hatua ya kufika dhahabu ni kubwa na nakubali ina maana. Swali linabaki: je, hatua hiyo ina thamani kwako ya Sh70,000?

Kabla hujajibu, weka bei ya njia nyingine kando yake. Uliza kaunta bei ya begi moja la ziada ukilinunua mapema, kisha uulize wale mawakala wa mizigo wanaokusanya bidhaa za wafanyabiashara wengi Guangzhou na kuzileta pamoja wanatoza ngapi kwa kilo. Zidisha kwa safari zako. Na usisahau kwamba msamaha wa ushuru wa abiria ni wa vitu vya matumizi yake binafsi. Beringi za kuuza ni bidhaa, ziwe zimekuja ndani ya begi la kawaida au begi la dhahabu, na Mamlaka ya Mapato (KRA) ina haki ya kuzitoza. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lenyewe unalo hapo dukani.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa popote. Ukishaanza kukimbizana na kadi, kadi ndiyo itakayokuchagulia ndege. Kutoka Guangzhou hadi Nairobi zipo ndege za moja kwa moja, mfano China Southern iliyoanza njia hiyo 2015. Mtu anayehesabu maili atakataa ndege ya moja kwa moja, au nauli ya chini ya shirika jingine, azunguke Dubai au Addis Ababa ili maili zisipotee. Hiyo tofauti ya nauli hakuna anayeiandika kwenye hesabu ya kadi, lakini ni pesa yako.

Na sheria hizi si zako. Wao huziandika na wao huzibadilisha. China Southern ilijitoa SkyTeam mwanzoni mwa 2019. KQ iliacha kutumia Flying Blue, mpango wa Air France na KLM, ikaanzisha wake wa Asante Rewards. Delta ya Marekani sasa hupima daraja kwa pesa ulizotumia, wala haitazami umesafiri umbali gani, na British Airways imefuata njia hiyo. Wewe wa Elburgon sihitaji kukufundisha jambo hili. Marufuku iliwekwa Februari 2018, mashine zikazimwa, mafundi wakahama, na Rais Ruto alipokuja Molo Julai 2023 kutangaza kwamba imeondolewa, wengi walikuwa wameshauza hata misumeno yao. Ukapona kwa sababu ulikuwa na akiba. Pesa iliyo kwenye spea inaweza kuuzwa hata kwa hasara. Pesa iliyo kwenye daraja la ndege haiuziki, haikopeshwi na haimlipii mtoto karo, na mwaka ukiisha unaanza kuhesabu upya.

Nisiseme kwamba kadi hizi hazimfai mtu. Zinamfaa anayelipiwa tiketi na kazi yake, na zinamfaa anayesafiri karibu kila mwezi kwa njia ileile hata kama kadi isingekuwepo. Pengine rafiki yako wa Nyamakima ni mmoja wao. Anayeleta bidhaa kila mwezi hakuitafuta dhahabu, imemwangukia mikononi. Akikualika lounji, na kadi yake ikimruhusu kuingia na mgeni, ingia naye na ule vizuri.

Kipimo changu ni kimoja: je, ungefunga safari hii kama kadi hiyo haipo? Umekwisha kunijibu kwenye barua yako. Umesema huna cha kununua Dubai.

Sasa mzee wako. Amekosea kusema umeanza kujiona. Mwanamke aliyebeba biashara miaka mitano ya ukame ana haki ya kutamani kuitwa kwa jina na kukaribishwa kwa heshima, na tamaa hiyo si kiburi. Mwambie hivyo, kwa upole, wakati hamjagombana. Lakini kuhusu pesa amesema kweli, na ukimpa haki yake hapo atakusikiliza kwingine. Mkae mezani, daftari likiwa katikati, mtenge karo kwanza, kisha mtaji wa duka, na mkubaliane kiasi cha wewe kujistarehesha safarini. Ikiwa kitabaki cha kulipia lounji mara moja kwa mwaka, kilipie bila kuomba radhi kwa mtu.

Lipo jambo moja linaloweza kunigeuza. Viwanda vya China hufungwa kwa Mwaka Mpya wao, kati ya mwisho wa Januari na Februari, na oda hukwama kwa wiki kadhaa. Angalia rafu zako leo. Kama misumeno itakuishia kabla ya Machi, na ulikuwa uende Guangzhou mapema mwakani, basi ilete safari hiyo mbele iwe Desemba, bora karo iwe imeshatengwa na nauli ya msimu wa Krismasi isiwe imekupita uwezo. Hapo utakuwa umeenda kwa ajili ya duka, na maili zikitimia ni nyongeza. Vilevile waandikie shirika uwaulize kama wanaongeza muda au wanauza maili zilizobaki. Mengine hufanya hivyo. Kuuliza hakulipiwi.

Lakini rafu zikiwa zimejaa, funga simu, lipa karo, na Januari 1 uamke ukiwa na kadi yako ya fedha na Sh70,000 zako.

Shangazi